Nimuuzie kijana wa dukani, au mwenye taslimu?

"Shangazi, nina miaka 67 na duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, kwenye jengo langu mwenyewe. Mzigo uliopo ni wa milioni 27, faida milioni 1.5 kwa mwezi. Wanangu wana kazi zao Dar, duka hawalitaki, na inaniuma. Kijana aliyenisaidia miaka tisa analitaka, ila ana milioni 9 tu. Mfanyabiashara mwingine ananipa milioni 25 taslimu kwa vyote, na mke wangu anasema tuzichukue. – Mzee wa Nondo"

Shikamoo, Mzee wangu.

Milioni 25 hazifiki hata thamani ya mzigo. Muuzie kijana, lakini si kwa mdomo, na si kabla ya kupiga hesabu upya.

Fungeni duka siku moja mhesabu kila kitu kwa bei ya jumla ya leo. Saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu na rangi iliyoganda ziwekeni pembeni. Kisha itazame ile milioni 1.5. Wewe hujilipi mshahara wala pango. Mwenye duka mpya atavibeba vyote viwili. Toa 500,000 za msimamizi na 300,000 za pango, zinabaki 700,000. Hiyo ndiyo faida ya duka. Kwa mwaka ni milioni 8.4, na kilemba, yaani malipo ya jina na wateja uliowajenga, cha kiasi hicho ni cha haki. Ongeza mzigo milioni 27, na tuseme milioni 1.6 za mizani, rafu na guta: jumla milioni 37.

Akitanguliza 9, anadaiwa 28. Kwa miaka mitatu ni karibu 780,000 kila mwezi, na duka linazalisha 700,000. Hapa ndipo mauziano ya namna hii yanapokufa, hata mnunuzi awe mwaminifu kiasi gani: analipa rejesho kwa fedha ya kununulia mzigo, rafu zinabaki wazi, wateja wanahama.

Kwa hiyo jipe miezi sita. Bidhaa zinazotoka polepole ziuze bila kuagiza nyingine, mzigo ushuke hadi milioni 21. Hizo 6 zilizopungua zinaingia mfukoni mwako. Bei sasa ni 31, deni 22, na kwa miezi 48 rejesho ni kama 460,000. Mwezi mbaya ukija, ana pa kupumulia. Nawe pango unalipokea pembeni.

Hofu ya mkeo ina msingi, basi ijibiwe kwa mkataba mbele ya wakili. Uandikwe tarehe za malipo. Akikosa miezi mitatu, duka linarudi. Mzigo usishuke chini ya milioni 15, mkihesabu pamoja kila baada ya miezi mitatu. Na mmoja wenu akifariki, nani alipe na nani alipwe. Mkeo atie saini ya ridhaa. Wanao waulize mara ya mwisho mama yao akiwepo, nao wasaini kama mashahidi, ili kesho pasizuke ugomvi wa mirathi. Wamechagua njia zao, Mzee, usiwanunie.

Kijana achukue TIN, leseni na mashine ya EFD kwa jina lake, pamoja na lipa namba yake. Akiendelea na mashine yako, kila risiti ni mauzo yako mbele ya TRA, na kodi utadaiwa wewe. Kama jina la duka limesajiliwa BRELA, umiliki ubadilishwe huko pia.

Daftari la madeni lifungwe siku ya makabidhiano. Ya nyuma yalipwe kwako, ya mbele kwake. Mkiyachanganya mtagombana mwezi wa kwanza.

Miezi mitatu ya mwanzo mpeleke mwenyewe kwa wanaokupa mali kauli. Wanaijua sura yako, yake bado, na wakikataa kumkopesha duka litayumba. Miezi hiyo ikiisha, usikae tena barazani pa duka. Wateja wataendelea kukuomba wewe punguzo, naye hatakuwa na kauli dukani kwake.