Uliza Wakili: Asiye na anwani mbele ya hakimu

SWALI: Assalaam aleikum. Mtoto wa marehemu kaka yangu amekuwa akilala nje, karibu na soko la Kongowea, tangu alipotolewa kwenye chumba alichopanga. Juzi usiku alizolewa na askari pamoja na wenzake, na sasa yuko rumande kwa shtaka la uzururaji kwa kuwa hana anwani wala mdhamini. Nasikia Marekani iko mahakama inayowafuata watu kama hawa waliko. Je, sisi Kenya tuna nini? – Shangazi, Mombasa.

JIBU: Wa aleikum salaam, Shangazi. Mwombe karani wa mahakama nakala ya hati ya mashtaka, utazame kifungu kilichotajwa na adhabu yake ya juu kabisa. Ibara ya 49(2) ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Kama shtaka liko ndani ya kiwango hicho, itajeni ibara hiyo kwa namba mbele ya hakimu, kwani asubuhi yenye mashtaka madogo mengi ni nadra mtu kuikumbuka kwa ajili ya kijana asiye na wakili. Adhabu ikizidi hapo, nenda mwenyewe na kitambulisho chako, ueleze kwamba wito wowote ukiletwa kwako utamfikia.

Ninaloliogopa zaidi ni jibu la kizimbani. Wengi wakiulizwa kama shtaka ni kweli au si kweli, husema "ni kweli" wakidhani ndiyo njia fupi ya kutoka, kisha hutozwa faini wasiyoimudu, na faini hiyo huishia kuwa kifungo. Kwamba alilala barazani ni kweli, lakini hilo si kukiri kosa. Ikiwa amekwisha kukiri, anaweza kuomba kubadili jibu kabla ya kuhukumiwa, ingawa uamuzi ni wa hakimu.

Kwa uwakilishi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasio na uwezo. Wakili atakayepatikana akumbushwe pia maoni ya ushauri ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ya tarehe 4 Desemba 2020, yaliyosema kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Maoni hayo si hukumu, ila ni hoja nzito.

Mahakama uliyoisikia ilianzia San Diego mwaka 1989, katika mkusanyiko wa wanajeshi wa zamani wasio na makazi. Vikao hufanyika kwenye makazi ya muda, na mafunzo au matibabu ambayo mshtakiwa amekwisha kuyafuata huhesabiwa badala ya faini na kifungo. Kwetu, kilicho karibu nayo ni Sheria ya Maagizo ya Huduma kwa Jamii ya 1998, lakini hapa kazi huja baada ya hukumu, tofauti ambayo kwangu si ndogo. Hata hivyo, kama kijana alikuwa akihudhuria mafunzo au kliniki yoyote, pata barua ya msimamizi na umkabidhi wakili kabla ya kesi kutajwa tena.