Siti za ngozi bandia zinapasuka ingawa ninazipaka mafuta: ninakosea wapi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Gari langu lina siti za ngozi bandia, huu ni mwaka wa tano. Kila mwezi nazifuta kwa spiriti ili zitakate, kisha nazipaka mafuta ya kutunzia ngozi. Hata hivyo siti ya dereva imeanza kuota mistari midogo upande wa mlangoni, na pale ninapoegemea mgongo panabaki pananata. Ninakosea wapi? Na hiyo mistari itafutika?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kuanzia leo acha spiriti, na hayo mafuta yaweke kando. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu siti nyingi zilizopasuka ninazoletewa ni za watu wasafi wanaolipenda gari lao. Wanazitunza kama ngozi ya mnyama, nazo si ngozi.

Ngozi halisi ina nyuzi na vitundu vya asili, hivyo mafuta hupenya ndani. Ngozi bandia ni kitambaa kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la plastiki. Mafuta hayana pa kuingia. Yanakaa juu, yanashika vumbi, na kila unapoketi suruali inalisugua vumbi hilo kwenye siti kama msasa.

Plastiki yenyewe huwa ya aina mbili, na kila moja inakufa kwa njia yake. Ya kwanza ni PVC, ndiyo hiyohiyo ya mabomba ya maji. Kwa asili ni ngumu. Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Waldo Semon aligundua kwamba ukiichanganya na vimiminika fulani inakuwa laini na inakunjika. Vilainishi hivyo huweza kufika theluthi moja ya uzito wa plastiki, hata zaidi, na havijafungamana nayo. Vimekaa tu katikati yake. Joto linavitoa kidogo kidogo. Ule ukungu wa mafutamafuta unaoufuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake hutokana na vilainishi vilivyotoka kwenye plastiki za gari. Spiriti na petroli navyo huvichomoa, tena kwa haraka zaidi. Vikipungua, siti inarudia ugumu wa bomba, na mahali inapokunjwa kila siku inapasuka.

Ya pili ni poliyurethani, au PU. Hii ni laini zaidi mkononi na haitegemei vilainishi hivyo. Adui zake wakubwa ni unyevu ukichanganyika na joto, pamoja na jasho na losheni za mwilini. Maji huvunja minyororo ya plastiki yenyewe, uso unaanza kunata, kisha unabambuka vipandevipande mpaka kitambaa cha chini kinaonekana. Kwa kifupi, PVC hukakamaa na kupasuka, PU hunata na kubambuka.

Maelezo yako yananifanya nidhani zako ni PU, ila tuhakikishe kwanza huo unataji. Safisha sehemu ndogo ya mgongo kama nitakavyoeleza, iache ikauke usiku mzima, kisha iguse. Kama hainati tena, ulikuwa ni utando wa mafuta yako na jasho, na siti bado ni nzima. Kama inanata vilevile, plastiki imeshaanza kuvunjika na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kusafisha si kazi kubwa. Fyonza vumbi kwanza, hasa kwenye mishono, maana mchanga uliojificha humo ndio unaokata nyuzi. Tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji, isiyo kali, katika lita moja ya maji ya vuguvugu. Chovya kitambaa laini, kikamue sana, kisha futa sehemu ndogondogo. Palipo na uchafu mgumu tumia brashi ya nywele laini bila kukandamiza. Rudia kwa kitambaa chenye maji matupu, kwa sababu sabuni ikibaki nayo hunata, halafu kausha papo hapo. Usimwage maji juu ya siti: yatapita kwenye mishono hadi kwenye sponji, na unyevu huo utaila PU kwa chini, bila kusahau nyaya na vihisi vilivyomo ndani. Mashine ya mvuke wa moto, klorini, asetoni na zile sponji nyeupe za kufutia madoa ukutani visiguse siti hizi kabisa. Ukivaa jinzi mpya, futa mapema. Rangi yake ikishazama kwenye plastiki haitoki.

Sehemu ya mgongo na ukingo wa mlangoni zifute kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kuondoa jasho kunasaidia kuliko kupaka chochote. Ukitaka kupaka kinga, chagua ya majimaji isiyo na mafuta ya petroli, iliyoandikwa kwamba ni ya vinaili (yaani PVC) au ngozi bandia na inazuia miale ya urujuanimno. Ijaribu kwanza pasipoonekana, na baada ya dakika chache futa yote iliyobaki juu. Siti inayong'aa kwa mafuta haijalindwa kwa sababu tu inang'aa.

Kinga kubwa kuliko chupa yoyote ni kivuli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti huko Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoegeshwa saa moja siku za joto kali: siti za yale ya juani zilifika wastani wa nyuzi 51 za Selsiasi, za kivulini 41. Nyuzi hizo kumi, kila siku kwa miaka mitano, ni nyingi mno kwa plastiki. Pasipo na kivuli, weka pazia la kioo cha mbele na tandika kitambaa juu ya siti.

Mistari ya upande wa mlangoni ina sababu yake nyingine: unapoingia unauburuza mwili juu ya ukingo huo. Keti kwanza, kisha geuza miguu kuingiza ndani. Ukibonyeza ukingo na sponji ikabonyea bila kurudi, ipelekee fundi aiongezee, maana ngozi iliyokosa cha kuishikilia hukunjika palepale kila mara.

Mistari haitafutika. Ikiwa bado haijafika kwenye kitambaa, kijazio chenye kunyumbulika na rangi yake vitaificha kwa muda, mradi uso umesafishwa mafuta yote. Ikiwa imeshafika, badilisha kipande hicho kimoja tu, si siti nzima, na mwambie fundi atumie ngozi bandia ya magari, si ile ya makochi. Kama siti yako ina mfuko wa hewa ubavuni, mkumbushe kabla hajafumua mshono wowote: mshono wa upande huo umetengenezwa ufunguke mfuko unapofumka, na hautakiwi kushonwa kwa uzi wowote tu.