Peugeot 504 ya baba ipo juu ya mawe, kaka zangu wanataka kuiuza kwa kilo

SWALI: Shikamoo anko. Mimi ni msomaji wako wa Tanga, kwetu tumezaliwa wanne na binti ni mimi peke yangu. Baba yetu alifariki mwaka juzi akaacha Peugeot 504 nyeupe, ile sedani ya gia za kwenye usukani. Tangu mdogo mi ndo nilikuwa namshikia tochi jioni akifungua kabureta, ananiambia leta spana 13, leta 11, mpaka nikawa nazijua kwa kuziangalia tu, na akimaliza ananihadithia habari za Safari Rally mpaka tunaitwa kula. Kaka zangu hawakuwahi kuwa na habari nayo na sasa wanataka ikakatwe iuzwe chuma chakavu. Ipo juu ya mawe chini ya mwembe, haijawashwa tangu mzee aanze kuumwa. Fundi wa mtaani anasema nimpe tu hela ya betri ataiwasha siku hiyohiyo. Nianzie wapi anko? (Binti wa Mzee, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Naanza na huyo fundi wa betri: asiiguse kabisa. Injini ikikaa muda mrefu bila kuzunguka oili yote inashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kuta za silinda zinabaki kavu na ringi za pistoni zinaweza kushikwa na kutu, sasa ukija na betri mpya ukapiga stata kwa nguvu unakwangua silinda au unavunja ringi, na hapo kaka zako watakuwa wamepata sababu. Chomoa plagi zote 4, mimina oili kidogo kila tundu, iache hivohivo siku mbili tatu, halafu weka nyutro uzungushe krenki, ile shafti kuu ya injini, kwa mkono, spana kwenye nati ya puli ya mbele, taratibu. Ikigoma ongeza oili usubiri tena, usiilazimishe.

Ila kabla hujatoa hata senti ya plagi, kaa na kaka zako. Kadi ya gari bado ina jina la marehemu, kwahiyo hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kuiuza wala kuifanya yake peke yake, iwe kwa kilo au nzima. Kama bado hamjafanya, fanyeni kikao cha familia, andikeni muhtasari wa mliyempendekeza, nendeni nao mahakamani pamoja na cheti cha kifo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi, yeye ndo atakayehamisha umiliki TRA. Kwenye kikao omba gari ipigiwe bei kama ilivyo sasa na thamani hiyo ihesabiwe kwenye fungu lako. Gari iliyo juu ya mawe bei yake ni ndogo, wakubalie mapema na waandike. Nimeona familia zikivunjika kwa sababu mmoja alitengeneza gari ya marehemu kwa hela yake, ikang'aa, halafu wote wakakumbuka kuwa ni ya baba yao.

Sasa nikwambie mzee wako alikuwa na gari gani. 504 ilitoka 1968 na 1969 ikachaguliwa Gari ya Mwaka Ulaya. Huku kwetu ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, na 1978 ile ya milango miwili (coupé) yenye injini ya V6 ikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Na kabla yake Peugeot 404 ilishinda mara nne, mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, kwa mikono ya Bert Shankland, dereva wa hapahapa Tanzania. Naamini ndo hadithi alizokuwa anakupa wakati umeshika tochi. Faida nyingine kwako mtu wa Tanga, Mombasa waliendelea kuziunganisha mpaka 2004 wakati Ufaransa walishaacha sedani tangu 1983, kwahiyo ukikosa spea Gerezani, Dar, ulizia ng'ambo ya mpaka wa Horohoro kabla hujaagiza mbali.

Ukishaona krenki inazunguka, mwaga petroli yote ya zamani maana inageuka gundi ndani ya kabureta, osha tenki, badili oili na filta. Breki usizionee huruma, mpira wa hosi unavimba kwa ndani na silinda za magurudumu zinaganda, badili zote kabla gari haijasogea hata mita moja.

Kitu kinachoziua hizi gari ni joto. Hedi yake (kile kichwa kinachofunika silinda) ni alumini juu ya bloku ya chuma, na feni ina klachi ya sumaku, yani haikamati mpaka maji yapate moto, sasa swichi au waya wake ukifa feni inabaki inazubaa na hedi inapinda. Hakikisha inakamata, na kwenye rejeta weka kulanti, sio maji ya bomba. Na fundi yeyote akikwambia anafungua hedi muulize swali moja: laina utazibana na nini? Silinda za 504 ni laina, yani mabomba yanayochomoka, na zimezungukwa na maji, hedi ikiwa imetolewa ukizungusha krenki bila kuzibana zinainuka, sili za chini zinaachia na maji yanaingia kwenye oili. Akikuangalia tu bila jibu, tafuta mwingine, ikiwezekana fundi wa umri wa baba yako. Na siku hiyo uwepo, spana unazijua.

SWALI: Kaka habari. Nina Land Rover 109 niliyoachiwa na mzee, nashinda chini yake kila Jumapili na mwanangu wa miaka 9 hataki kutoka hapo. Mama yake anasema namharibu. Nimwache? (Baba Salma, Morogoro)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mwache, tena mpe kazi ya kweli. Ila mama Salma ana haki ya kuogopa, kwahiyo gari isisimame kwa jeki peke yake, weka stendi au magogo mazito kabla mtu yeyote hajaingia chini, na mtoto akae mbali kabisa na petroli na maji ya betri. Bodi ya 109 karibu yote ni alumini haipati kutu, inayooza zaidi ni chesisi, na inaozea kwa ndani. Mpe nyundo ndogo agonge chesisi yote kuanzia mbele, mlio ukibadilika anaweka alama ya chaki, halafu muite mchomeleaji aione kabla hamjapaka rangi.