Jibu: Kwa nini husikii mvumo wa vali ya mitrali iliyobana

Mkuu, umeuliza kwa nini eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebana ilhali wewe husikii kitu kwa stethoskopu. Mara nyingi kosa ni mkono. Mvumo huo, yaani sauti ya damu ikipita kwenye vali iliyobana, ni mzito, kama ngurumo ya mbali. Ukikandamiza kengele ya stethoskopu (upande wake wenye umbo la kikombe), ngozi inakazika na kuwa kama kiwambo (utando uliokazwa), sauti nzito zinapotea. Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, tafuta kwa kidole pale moyo unapodunda, weka kengele iguse tu, kisha atoe pumzi yote na abane pumzi kidogo. Papasa ateri ya shingoni: mvumo huja baada ya pigo, si pamoja nalo. Mdundo wa kwanza wa moyo ukigonga kwa nguvu isivyo kawaida, endelea kutafuta, hasa kwa kijana aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi (ugonjwa unaoweza kuharibu vali za moyo).