Core i7 yenye HDD au Core i5 yenye SSD? Mambo ya kukagua kabla hujalipia laptop iliyotumika

Shikamoo mama. Jibu fupi: chukua ile Core i5.

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi huu, mtoa mada ameonyeshwa kompyuta mpakato mbili zilizotumika pale Moshi mjini, bei moja. Ya kwanza ina stika ya Core i7, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4 na HDD (diski ya kuzunguka) ya TB 1. Ya pili ni Dell Latitude 5490, Core i5, RAM GB 8, SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256. Muuzaji anamsukumia ya kwanza kwa hoja kwamba saba ni kubwa kuliko tano na TB 1 ni kubwa kuliko GB 256. Kijana wake anaanza masomo ya ujenzi Chuo cha Ufundi Arusha, na yeye mwenyewe anataka kuweka hesabu za duka humo humo wakati wa likizo.

Tuanze na stika. Hiyo saba haikuambii umri wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Namba ya kusoma ni ile ndefu, na kwenye picha ulizoweka zinaonekana vizuri: i7-4600U na i5-8350U. Namba yenye tarakimu nne ikianza na 4 ni kizazi cha nne, na hiyo ni ya mwaka 2013. Ikianza na 8 ni kizazi cha nane, ya mwaka 2017. Ukikuta tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: hicho ni kizazi cha kumi. Sasa i7 yako ya 2013 ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, na i5 ya 2017 ina vinne. Kwa hiyo hata kwa prosesa peke yake, "saba" hapa ndiyo iliyo nyuma.

Kuna jambo la pili linalotoka kwenye namba hiyo hiyo. Windows 11 kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizi Core, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mafundi wanajua njia za kulazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya kizazi cha nne, na inakaa kweli, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho. Kijana wa chuo anayeanza leo anahitaji mashine itakayomfikisha mwaka wa mwisho.

Lakini kinachofanya mashine iwe nzito kila siku mara nyingi si prosesa, ni diski. HDD ina sahani inayozunguka na kisindano kinachohama huku na huku kutafuta data. Ile ya kawaida ya laptop inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila kisindano kinapohama zinapita milisekunde kumi na kitu. Ndiyo maana haiwezi kufanya usomaji wa nasibu zaidi ya mia moja hivi kwa sekunde. Windows inapowaka inaomba maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika. SSD haina kitu kinachozunguka, inasoma makumi ya maelfu kwa sekunde. Mashine ile ile, ukiitoa HDD ukaweka SSD, inaacha kuchukua dakika mbili tatu kuwaka na inawaka ndani ya nusu dakika.

RAM inaingia hapo hapo. RAM hushika vile vilivyofunguliwa sasa hivi. Ikijaa, Windows huhamishia ziada kwenye diski. Kwa GB 4, Windows yenyewe imeshakula zaidi ya nusu kabla hujafungua chochote, ukiongeza kivinjari chenye kurasa sita umemaliza. Ikiwa diski ni HDD, hapo ndipo mshale unaganda na taa ya diski haizimi. Kwa hiyo GB 4 na HDD vikikaa pamoja vinazidishiana ubaya. Na kwa kozi ya ujenzi atakutana na AutoCAD, ambayo matoleo ya karibuni yanataka GB 8 kwa uchache. Latitude 5490 ina nafasi mbili za RAM aina ya DDR4, kwa hiyo baadaye unaweza kumwongezea. Angalizo: ile ya kizazi cha nne inatumia DDR3L, na RAM hizo haziingiliani, usikubali kuambiwa "tutahamisha kutoka kwenye hii".

Ukifungua hiyo Dell ukaona diski inasoma GB 238 na si 256, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, tofauti inatoka hapo.

Sasa ukaguzi wenyewe, na hapa usione haya kukaa dukani nusu saa. Muuzaji anayekuharakisha, mwachie mashine yake.

Iwashe kwanza bila chaja. Ikikataa kuwaka hadi ichomekwe, betri imekufa. Inapowaka tu, bonyeza F2 mfululizo (kwa HP ni F10, kwa ThinkPad F1) uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine inayotangulia Windows. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, ishia hapo hapo. Nyingi ya mashine hizi zilikuwa za makampuni na kufungua BIOS iliyofungwa si kazi ya mtaani. Tafuta pia sehemu ya usalama inayotaja Computrace au Absolute: ikisoma imewashwa, yaani "Activate" au "Enabled", mashine inaweza kuwa bado inafuatiliwa na mwenye nayo wa zamani. Humo humo linganisha namba ya utambulisho, kwa Dell inaitwa "Service Tag", na ile iliyobandikwa chini ya mashine. Zikitofautiana, uliza kwa nini.

Ikishaingia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance". Hapo unaona jina kamili la prosesa, RAM ni kiasi gani na imekaa kwenye nafasi ngapi, na diski ni SSD au HDD. Usitegemee karatasi iliyobandikwa kwenye kioo.

Betri ina kipimo chake ambacho wauzaji wengi hawakitaji. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili, lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: "Design capacity" ni uwezo betri ilipokuwa mpya, "Full charge capacity" ni uwezo wa leo. Tuseme ya kwanza inasoma 68,000 mWh na ya pili 37,400. Gawanya, unapata asilimia 55. Hiyo bado itamfikisha saa tatu nne za kuandika, ikiwa mwanga wa kioo ameupunguza. Chini ya asilimia 40, hesabu kuwa unanunua betri nyingine na uitoe kwenye bei. Ripoti isiwe ushahidi pekee, kwa sababu betri zilizofanyiwa ukarabati huweza kusoma vizuri huku seli zimechoka. Ondoa chaja, cheza video dakika ishirini. Ikishuka zaidi ya asilimia 20, usiiamini ripoti. Dakika hizo ishirini zinakupa pia kipimo cha joto: feni ikipiga kelele kama inapaa, au mashine ikajizima yenyewe, kuna vumbi limeziba au grisi ya prosesa imekauka.

Wakati video inacheza, nenda na flashi yako ujaribu kila tundu la USB. Fungua Notepad ubonyeze kila herufi. Washa hotspot ya simu uone Wi-Fi inashika ukiwa hatua kumi mbali. Weka ukurasa mweupe mtupu kioo kizima utafute madoa. Kamera, spika, kipaza sauti. Fungua na kufunga kioo taratibu: bawaba ikilia au plastiki ya kona ikiachia, itapasuka, na ikipasuka hukata waya wa kioo. Kwa afya ya diski, pakua programu ya CrystalDiskInfo kabla, uiweke kwenye flashi. Ikiandika "Caution" au "Bad", hata kama mashine inaruka kwa kasi, diski hiyo haifai kuwekewa kazi ya chuo.

Chaja nataka niikazie kwa sababu kwa Dell ndiyo inayowaliza watu wengi. Pini nyembamba iliyo katikati ya ncha ya chaja haipeleki umeme wa kuendesha mashine, inapeleka taarifa: mashine inauliza chaja ni ya wati ngapi. Pini ikipinda, au ukiwekewa chaja ya kuigiza isiyojibu, mashine itawaka vizuri kabisa lakini haitachaji betri, na prosesa itajishusha kasi ili ijilinde. Mtu anaenda kwa fundi analalamika "imekuwa nzito ghafla", anapigwa Windows upya, hakibadiliki kitu. Kwa hiyo dukani angalia asilimia ya betri inapanda kweli ukichomeka, na kama kuna ujumbe wa onyo kuhusu adapta wakati wa kuwaka. Kwenye maandishi ya chaja, volti lazima zilingane (hizi za Dell ni 19.5 V), ampea ziwe sawa au zaidi: 3.34 A kwa ile ya wati 65.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na namba ya utambulisho ya mashine iandikwe kwenye karatasi ya dhamana. Duka lenye dhamana ya mwezi ni bora kuliko punguzo la elfu ishirini kwa mtu anayeuzia kwenye begi stendi.

Nyumbani, futa kila kitu uanze upya: "Settings", "System", "Recovery", "Reset this PC", chagua "Remove everything". Leseni ya Windows kwenye hizi za makampuni huwa imefungamana na mashine, kwa hiyo ikipata intaneti inajisajili yenyewe. Usikubali kuwekewa programu za kukraki Windows wala Office. Nyingi hukutaka uzime ulinzi kwanza, na ukishauzima huna tena wa kukuambia kilichoingia. Kuandika ripoti na kupiga hesabu za duka, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word na Excel. Wakati wa kusajili akaunti ya Microsoft, Windows 11 inaweza kufunga diski kwa usimbaji bila kuuliza sana. Ni ulinzi mzuri mashine ikiibiwa, ila ufunguo wake wa tarakimu 48 unakaa kwenye akaunti hiyo. Akisahau akaunti na mashine ikadai ufunguo, data imekwenda. Auandike kwenye daftari libaki kwako Moshi.

Bando lisiishe kwa siku moja: kwenye Windows, katika sifa za Wi-Fi ya simu, washa "Metered connection", masasisho makubwa yatasubiri mtandao wa chuo.

Umeme ukikatika laptop haina shida, betri inapokea. Hatari ni pale unaporudi kwa kishindo, chomeka kwenye kilinda umeme au chomoa chaja hadi utulie. Safari ya Moshi–Arusha ndani ya Coaster, aizime kabisa kabla ya kuitia begini. Ikiachwa imelala huweza kuamka yenyewe ikajipika humo ndani. Kiangazi vumbi la Arusha linajaa kwenye feni, ipulizwe na fundi walau mara moja kwa mwaka, na asiitumie juu ya blanketi kwa sababu inavuta hewa kwa chini.

SSD ikifa huwa haitoi onyo kama HDD inayoanza kugonga. Inaweza kugoma asubuhi moja, na kuokoa faili ni kazi ngumu na ghali. Kazi ya chuo ikae kwenye mashine, kwenye Google Drive (GB 15 za bure) na kwenye flashi inayobaki chumbani, si ile anayozunguka nayo.

Swali lako la mwisho, kama ununue antivirusi: hapana, ile ya Windows yenyewe inatosha ikiachwa imewashwa na ikisasishwa. Kirusi atakachokutana nacho zaidi ni cha flashi za stationery. Atatoka kuchapisha kazi, akirudi folda zote zimegeuka shotikati. Mara nyingi faili hazijafutwa, zimefichwa tu. Asibonyeze hizo shotikati hata moja. Aichomeke flashi, aikague kwanza kwa antivirusi, kisha kwenye cmd aandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* akiweka herufi ya flashi yake badala ya E. Folda zitarudi, shotikati azifute. Na kwa kuchapisha, akitumia flashi ndogo isiyo na kitu kingine zaidi ya PDF ya siku hiyo, hata ikishikwa na kirusi ataifomati bila kupoteza chochote.