Re: Uyoga wenye kifuko chini ya mialoni, unalika?

Usiule dada. Umeuliza kama uyoga uliouokota msituni karibu na Köln, Ujerumani, ndio ule mliokuwa mkichuma Iringa masika, kwa kuwa nao umetoka kwenye kifuko cheupe. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Kwenye miombo ya kwetu kuna uyoga wa aina hiyo unaoliwa bila shida. Huko Ulaya, kifuko hicho kinaweza kuwa cha Amanita phalloides, uyoga wa sumu na muuaji mkubwa. Mwaka 2015 wakimbizi kadhaa Ujerumani waliula hivyohivyo wakadhurika, walidhani ni wa kwao.

Kwenye picha yako naona kofia ya kijani hafifu kama zeituni changa, chini yake kweupe, na pete inaning'inia kwenye shina. Ulichimba shina lote, hongera, maana ungekata kwa kisu kifuko kingebaki ardhini na dalili kubwa ungeikosa.

Kuchemsha, kukaanga au kukausha hakuondoi sumu yake. Habari za kijiko cha fedha kubadilika rangi kikigusa uyoga wa sumu ni porojo. Na utamu usikudanganye. Walionusurika husema ulikuwa mtamu.

Kama kuna aliyeonja, piga 112, namba ya dharura ya huko, sasa hivi, usingoje aumwe. Kutapika na kuhara huanza baada ya saa 6 hadi 24, kisha mtu hupata nafuu ya siku moja hivi huku ini linaharibika. Nenda hospitali na mabaki ya uyoga, hata maganda.