Mwanangu Zuhura, usiiulize shule kama ni ya kweli

Tanga

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imefika, na picha ya Nasra na begi lake jipya mama yako keshaizungusha mtaa mzima. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mkwe wangu msalimu sana, mwambie aendelee na utafiti wake wa udaktari wa falsafa, hili la shule tutalimaliza mimi na wewe.

Umeniuliza: "Baba, wewe umekagua shule maisha yako yote. Hii ya Wakad, huku Pune, India, ina majengo ya kupendeza, wanasema ni ya CBSE, na wanataka mchango wa rupia 75,000 kabla Nasra hajaingia darasa la pili. Nitajuaje kama ni shule ya kweli?"

Kwanza acha kuiuliza shule yenyewe. Kijitabu ulichonitumia, ile video, zile sura za watoto waliopata asilimia 98, vyote vimetoka ofisini kwao. Mkaguzi huanza kwa aliyetoa kibali. Mwenye shule humfikia mwisho. Na kwa hilo India wamewarahisishia wazazi kuliko hata sisi huku. CBSE, ile bodi ya mitihani ya serikali kuu ya India, imeweka shule zake zote kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao SARAS. Unatafuta kwa jimbo, kwa wilaya, au kwa namba ya usajili. Wewe waombe namba tu, kisha kaitafute mwenyewe nyumbani. Wasikutafutie wao.

Ukiipata usishangilie. Angalia anwani, angalia darasa la mwisho waliloruhusiwa, angalia na tarehe kibali kinapokwisha. Hapo kwenye anwani ndipo wengi wanapoumbuka. Shule yenye jina hufungua tawi kata ya pili, getini wakaandika namba ya shule mama, na mzazi akatoa pesa bila wasiwasi. Kibali ni cha mahali palepale palipokaguliwa, hakitembei na jina. Kwa hiyo nenda getini na simu yako mkononi, linganisha anwani ya SARAS na ya pale uliposimama, mpaka namba ya kiwanja.

Halafu kuna ujanja wa maandishi. Ubao ukisema "CBSE Pattern", maana yake wanafuata mtaala, kibali hawana. Kwa mtoto wa darasa la pili hilo peke yake si kosa, maana shule ya msingi inaweza kuendeshwa kwa kibali cha jimbo tu. Kosa ni kujiita ya CBSE. Hata isipokuwa ya CBSE sina tatizo nayo: kuna bodi ya jimbo la Maharashtra, na kuna CISCE, baraza la mitihani lisilo la serikali, lililoanzishwa mwaka 1958, zote bodi za heshima. Jina la "International" nalo halithibitishi chochote. Kama wanadai wanafundisha mitaala ya kimataifa ya Cambridge au IB, mashirika hayo yana orodha zao za shule.

Kisichokwepeka ni kibali cha jimbo. Sheria ya haki ya elimu ya mwaka 2009, kifungu cha 18, inakataza kuendesha shule bila cheti cha kutambuliwa. Faini yake hufika rupia laki moja, na ukiendelea, hadi rupia 10,000 kwa kila siku. Bado wapo wanaoendesha. Manispaa ya Pimpri-Chinchwad, ambayo Wakad imo ndani yake, imewahi kutangaza majina ya shule zisizo na kibali. Nenda idara yao ya elimu ukaulize kwa jina na kwa anwani. Na shule ikupe namba yake ya UDISE, yaani ile ya takwimu za shule za serikali ya India, yenye tarakimu 11. Kwa Maharashtra huanza na 27. Kwa namba hiyo utaona mtandaoni idadi ya walimu, wanafunzi, madarasa na vyoo. Ila taarifa hizo hujazwa na shule yenyewe, kwa hiyo zichukue kama madai ya kwenda kuhesabu.

CBSE pia inazilazimisha shule zake kuweka wazi kwenye tovuti zao vyeti vya usalama wa jengo, vya moto, vya maji na usafi, pamoja na ada, kamati ya wazazi na walimu, na matokeo ya miaka mitatu. Cha moto usikipite haraka. Tarehe 16 Julai 2004, katika mji wa Kumbakonam, Tamil Nadu, moto ulianzia jikoni kwenye shule ya binafsi, ukashika paa la makuti, wakafa watoto 94. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru shule zitimize masharti ya usalama. Kwa hiyo ukifika, geuza mtungi wa kuzimia moto usome tarehe ya ukaguzi, kisha panda ghorofa ya juu utafute ngazi ya pili. Ukikuta imefungwa kwa kufuli, au imejazwa madawati mabovu, rudi nyumbani.

Sasa huo mchango wao. Maharashtra ilipiga marufuku pesa ya kununulia nafasi tangu 1987, na sheria ya 2009 nayo ikaweka faini hadi mara kumi ya kiasi kilichotozwa. Waombe risiti yenye jina la taasisi inayomiliki shule, maana kule shule za bodi hizi humilikiwa na wakfu au jumuiya isiyo ya faida, si na mtu. Wakikwambia ulipe kwenye namba ya simu ya meneja, umeshapata jibu lako. Sheria hiyohiyo inakataza kumchuja mtoto au wazazi wake kabla ya kumpokea, kwa hiyo huo "usaili mdogo" wanaousema, mimi ningewauliza ni wa nini.

Matokeo ya asilimia mia hayanibabaishi. Mchujo tunaujua huku kwetu: kidato cha tatu wanaondolewa wazito, cha nne wanabaki wakali, halafu bango kubwa barabarani. Uliza mwaka jana darasa la tisa lilikuwa na watoto wangapi, na wangapi kati yao wamefika la kumi. Na wanaojiita namba moja wa India waulize nani kawapa namba, maana CBSE yenyewe imeacha kutangaza orodha ya waliotia fora, kama NECTA ilivyoacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora.

Haya yote yakikaa sawa, ndipo uende kuona kama wanafundisha. Usiende siku ya maonyesho. Nenda Jumanne asubuhi, uombe daftari la hesabu la mtoto yeyote wa darasa la pili. Lifungue katikati, siyo mwanzoni. Kurasa za mwanzo zote ni safi, mwalimu katia vema kila mahali. Katikati ndipo utajua kama anasahihisha au anapitisha kalamu nyekundu tu. Mtoto akikosea, kuna mahali karudia lile swali? Kama hakuna, hao wanakusanya ada. Kisha wakati wa kutoka simama karibu na mabasi, uongee na kina mama wanaosubiri. Tovuti zinazopanga shule kwa nyota sizitegemei; baadhi yake hula kwa kuziuzia shule majina ya wazazi. Nasra atasoma na Kimarathi pia, ni lazima kwa sheria ya jimbo ya 2020, kwa hiyo waulize nani anawasaidia watoto wanaoanza lugha hiyo wakiwa wageni.

Siku mtakaporudi nyumbani, hakikisha wanakupa cheti cha uhamisho chenye muhuri na ripoti za kila mwaka, kwani shule ya huku itavidai vyote viwili.

Nitumie hiyo namba ya usajili ukiipata, nami niitazame nikiwa huku. Na pesa usitoe kwanza.

Ni mimi baba yako.